Jirani wa Mkono wa Kushoto

Sufuria iliruka kutoka mlangoni, ikaanguka miguuni pa Inspekta Kapinga, na maharage yaliyokuwamo yakamwagikia viatu vyake. Hakuwa na viatu vingine vya kazini.

"Nani ametupa hii?"

"Miye njo nimetupa!" Mwanamume mwembamba alijitokeza mlangoni, ameshika kikaango. "Na ingine zinakuja. Niko mwenye nyumba!"

"Na miye niko inspekta. Tupa ingine uone."

Kikaango kilishuka polepole. Kapinga alipangusa viatu kwa jani la mgomba na kutazama ua. Mikeka, makapu ya ndakala, wale dagaa wakavu wa ziwani, magodoro ya watoto, vyote vimerundikwa kwenye vumbi, na upepo wa kiangazi kutoka ziwani ulikuwa unavipuliza upendavyo. Upande wa kulia, juu ya ukuta, mabati mapya ya jirani yalimetameta hadi kuumiza macho. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta mrefu wa udongo usio na mlango wala dirisha.

Alikuwa amekasirika tangu asubuhi. Mkubwa wake parke, yaani ofisini kwa procureur, mwendesha mashtaka, alimsukumia faili hili huku akicheka. Mwanamke ameuziwa mbuzi kwenye gunia, alisema, andika ukurasa ufunge, tuna kazi za maana. Kapinga, Mluba wa Kasai na mwanamke pekee katika ofisi ile, alijua ni kazi za namna gani ziliitwa za maana. Nyumba ya mjane haikuwa mojawapo.

Mwenye kikaango aliitwa Siméon. Katika karatasi za serikali jina hilo la Kizungu lilikuwa limekatazwa, lakini mtaani Kataki hakuna aliyekuwa ameliacha. Alikuwa nesi huko Nyunzu. Alirudi jana kwa treni, akakuta kufuli yake imekatwa na mwanamke asiyemjua anapika jikoni mwake. Mkubwa wa mtaa alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba nyumba ni ya Siméon na kwamba hajapata kutamka kwamba anauza.

"Yumamosi mke wangu anashuka na watoto," Siméon alisema. "Huyu mama asikuwe hapa Yumamosi."

"Mupaka Yumamosi hakuna sufuria itatoka tena. Umesikia, citoyen?" Kapinga alimwita raia, kama serikali ilivyoagiza.

Mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kapu lake, mgongo umenyooka. Aliitwa Rosalie, Mbembe wa Baraka, mchuuzi wa samaki. Mumewe alikufa ziwani. Alichomwachia ni mtumbwi mkubwa wenye mashine na nyavu zake, na Rosalie aliviuza vyote ili watoto wapate paa. Sasa hakuwa na mtumbwi, na ikifika Jumamosi hatakuwa na paa.

"Silii," alimwambia Kapinga kabla hajaulizwa. "Nikilia watafurahi."

"Vizuri. Niambie huyo komisionere, dalali aliyekuuzia nyumba. Cyprien. Ulimutoa wapi?"

Kapinga aliamini kwamba wizi wa nyumba hauanzii mlangoni. Unaanzia pale mnunuzi anapomchagua mtu wa kumpeleka mlangoni, na hapo ndipo alipotaka kuanzia.

"Nilienda stesheni, pa ukuta, pale makomisionere wanakaa," Rosalie alisema. "Wa kwanza alikuwa Idi. Mutu wa matusi! Mbele hajatembea, anaomba pesa ya kiatu, ati soli zake zinaisha ju yangu. Nikatoa. Kila nyumba ananionyesha, yeye mwenyewe anaisema mubaya. Hii inaingia maji. Hii ukuta inalala. Hii mwenyewe iko na bandugu, watakuja na mapanga. Nikamuuliza: Papa, weye unauza nyumba ao unazitukana?"

"Ukamwacha."

"Nikamuacha. Cyprien alinibebea kapu. Aliniita mama yangu. Pesa ya kiatu hakuomba hata kidogo."

"Na ukamuamini ju ya kapu?"

"Hapana! Miye si mutoto!" Rosalie alipiga goti lake kwa kiganja. "Nilimuambia: nionyeshe mutu mumoja weye ulimutafutia nyumba, nimuulize. Akanileta kwa huyu jirani wa kuume, Papa Salomon wa reli. Papa Salomon akasema: Cyprien njo alinitafutia hii yangu, na sijalia hata siku moja. Sasa weye ungefanya nini kupita hapo?"

Hilo lilimuudhi Kapinga zaidi. Huyu mama alikuwa ameuliza swali ambalo hata mahakimu waliponunua nyumba hawakuliuliza.

"Endelea. Siku ya kuuziana."

Mtaani Kataki karatasi ni karatasi tu. Nyumba haijauzwa mpaka jirani wa kulia na jirani wa kushoto wakae pamoja na mnunuzi, wanywe alichonunua, na hapo wanakuwa mashahidi mpaka kufa. Rosalie alikuwa amenunua kasha la sukre, ile soda ya machungwa.

"Cyprien alisema mwenye nyumba yuko Nyunzu, amemupa ruhusa, na majirani wanajua. Tukakaa hapa uani, kati ya muchana. Papa Salomon huku. Huku jirani wa kushoto, Papa Sulemani, muzee wa kanzu na kofia. Wote wakasema, ndiyo, tunajua, Siméon anauza. Wakakunywa. Papa Sulemani alimaliza chupa mbili. Hata miye nilikunywa na njaa yangu, ju kwa Mama Mwanvua, muuza chai wa sokoni, nilikuta hakuna chai, meza amezigeuza, walikuwa kwa mwezi wao wa kufunga."

"Na tangu siku ile Papa Sulemani amesema nini?"

"Sijamuona tena. Mulango yake iko njia ya nyuma, kwa musikiti. Cyprien aliniambia: ule muzee hapendi mwanamuke mukristo amubishie hodi, utamuvunjia heshima. Basi nikamuheshimu."

Kapinga alitazama ule ukuta mrefu wa udongo. Kisha akaondoka kwenda stesheni.

Idi alikuwa pale pale aliposemwa, mgongo ukutani, amevaa ndara za tairi. Alipomwona inspekta hakusimama.

"Umekuja kunifunga?"

"Ikilazimu."

"Basi leta pesa ya kiatu. Mupaka parke ni mbali."

Wenzake walicheka. Kapinga hakucheka. "Ile nyumba ya Siméon, uliijua iko tupu. Huyu mama alikukataa, na weye ukakasirika. Pengine ulimutuma Cyprien ili umukomeshe."

"Miye? Nimutume Cyprien?" Sasa Idi alisimama, na shingo yake ikavimba. "Siméon hakuniambia anauza. Nyumba ya mutu hajasema anauza, haiuzwi, hata ikiwa tupu mupaka panya wanaihama! Ule mama aliniuliza ju ya nyumba, nikamuambia ukweli, akanitukana mbele ya watu. Miye nazaliwa hapa, nitakufa hapa. Nikimuuzia nyumba mubaya, kesho atalia ku mulango ya nani? Yangu! Komisionere muzuri anakukasirisha mbele hujalipa. Ule mubaya unamukasirikia nyuma."

"Na Cyprien?"

Idi alitema mate pembeni. "Cyprien alikuwa anabeba mizigo bandarini. Komisionere tangu lini? Hajauza hata banda ya kuku."

"Alimutafutia Salomon wa reli nyumba."

"Nani amesema?"

"Salomon mwenyewe."

"Muongo!" Idi aligeukia wenzake na kuwaita mashahidi kwa mikono yote miwili. "Nyumba ya Salomon miye njo nilimutafutia! Hawa wote wanajua! Nilimuambia: hii ukuta ya nyuma inakunywa maji, usinunue. Akanunua. Kila masika anakuja kunitukana hapa, kama vile miye njo mvua."

Wale waliokaa ukutani waliitikia kwa vichwa kwamba ni kweli, na mmoja akaongeza kwamba matusi ya mwaka uliopita yalimhusu hata mama yake Idi. Kapinga alimtazama Idi usoni. Alikuwa mkali, mchafu wa mdomo, na hakuwa ameomba aaminiwe. Kapinga alimwamini.

Njiani aliijenga kesi kichwani na kuibomoa. Salomon alidanganya, haya. Lakini wakili yeyote atasema alimpigia rafiki debe, na kumpigia rafiki debe si jela. Angeweza hata kusema yeye pia alidanganywa na Cyprien kuhusu ruhusa ya Siméon. Alibaki shahidi mmoja. Kapinga alipitia kwa Siméon, akamchukua Rosalie, wakazunguka njia ya nyuma hadi kwenye mlango wa jirani wa kushoto.

"Sitaki kumuvunjia heshima," Rosalie alisema.

"Heshima yako njo walikuibia nayo. Piga hodi."

Rosalie alipiga hodi. Mlango ulifunguliwa na Mama Mosi, mke wa mzee, ambaye hakuonyesha kuvunjiwa chochote. Aliwakaribisha, akawapa viti, akalalamika kwamba tangu warudi kutoka Kigoma juzi hakuna jirani aliyekuja kuwaamkia. Walikwenda huko baada ya sikukuu kumwona binti yao aliyejifungua.

Mzee Sulemani alitoka chumbani akifunga saa yake. Alikuwa mfupi, mweusi sana, ndevu nyeupe.

Rosalie alisimama. "Huyu nani?"

"Njo Papa Sulemani," alisema Mama Mosi.

"Hapana. Ule alikuwa murefu. Hakuwa na ndevu." Sauti ya Rosalie ilipanda kwa ghadhabu. "Ule tulikunywa naye hakuwa huyu!"

"Nilikunywa nini?" mzee aliuliza.

Kapinga alimweleza: nyumba ya Siméon, Cyprien, viti uani, mashahidi wawili. Mzee alisikiliza kwa utulivu. Kuhusu nyumba alisikitika. Kuhusu Cyprien alisema dunia imeharibika. "Na ilikuwa lini?" aliuliza.

"Mwezi wenu wa kufunga," Rosalie alisema. "Kati ya muchana. Alikunywa sukre mbili."

Mzee Sulemani alitafuta fimbo yake kila mahali isipokuwa pale ilipokuwa, hata Mama Mosi akalazimika kumpa.

"Muchana," alisema. "Ramazani. Miye."

"Papa, kaa kwanza," alisema mkewe.

"Nikae! Mutu amevaa kofia, amekaa kwa kiti, anaitwa Sulemani, anakunywa sukre muchana wa Ramazani mbele ya watu! Huyu mama angeenda sokoni kusema, Sulemani hafungi! Watoto wangu wangesikia! Inspekta, nyumba mutagawana wenyewe. Miye munionyeshe mutu aliyenifungulia mufungo wangu!"

Kapinga pia alikuwa amesimama. Lilikuwa limemjia sasa, na hasira ilimpanda. Rosalie alikuwa mgeni. Asingemjua mzee huyu hata angempita njiani. Lakini pale uani alikuwapo mtu mwingine ambaye hakuwa mgeni.

"Papa Sulemani, Salomon unamujua tangu lini?"

"Salomon? Tangu siku alipohamia hapa. Mama yake alipokufa nilikaa matanga kwake, nikalala chini kama mutoto wa nyumba. Kwa nini?"

"Njoo na fimbo yako," Kapinga alisema. "Lakini ungoje nikuite."

Salomon alikuwa ametoka kazini, shati la reli limeanikwa kwenye kamba, naye anaosha miguu kando ya pipa. Alikuwa mtu wa sauti laini. Alimletea inspekta kiti na kukifuta.

"Nilisikia, Mama Inspekta. Nasikitika sana. Ule Cyprien alitudanganya wote. Aliniambia Siméon amemupa ruhusa, nami nikaamini."

"Ulimuambia Rosalie kwamba Cyprien alikutafutia nyumba. Idi anasema ni yeye."

Salomon alikuna kichwa na kutabasamu. "Nilikosa. Nilitaka kusaidia rafiki apate kazi."

"Haya. Kusaidia rafiki si jela."

Mabega ya Salomon yalishuka. Kapinga alivuta kiti karibu, akauliza kwa upole ambao wenzake ofisini wangeuogopa.

"Siku ile ya sukre, mulikuwa nani na nani?"

"Miye, Cyprien, huyu mama, na Muzee Sulemani."

"Sulemani alikaa wapi?"

"Karibu yangu. Hivi."

"Ulimuona vizuri? Pengine ilikuwa mutu mwingine."

"Mama Inspekta!" Salomon alicheka kidogo. "Miye na ule muzee tunasalimiana njiani kila asubuhi akiwa hapa. Namna gani nisimujue? Akirudi Kigoma mumuulize mwenyewe."

"Papa Sulemani," Kapinga aliita bila kugeuka, "ingia."

Fimbo ndiyo iliyotangulia getini. Nyuma ya mzee aliingia Rosalie, na nyuma ya Rosalie akaingia Siméon, aliyesikia kelele na kuja kuona. Salomon aliacha mguu mmoja ndani ya maji.

"Huyu njo alikaa karibu yako?" Kapinga aliuliza.

"Pengine nimechanganya. Ilikuwa jua kali..."

"Ni swali dogo. Kama alikuwa huyu, basi alikunywa muchana wa Ramazani. Mutazame kwa macho, umuambie. Na kama hakuwa huyu, weye ulikaa goti kwa goti na mutu umemuvalisha jina la jirani yako, ukamuita Muzee Sulemani, na mama wa watu akatoa mali yake. Cyprien hakuweza kukudanganya ju ya sura ya jirani yako. Chagua!"

Salomon alimtazama mzee. Mzee alikuwa ameinua fimbo, machozi ya hasira yakimtoka bila aibu.

"Nililala chini kwako," alisema. "Matanga ya mama yako."

"Si yeye," Salomon alisema. "Alikuwa shemeji yangu, wa Niemba. Kofia niliazima."

Yaliyobaki yalimwagika yenyewe. Cyprien alikuwa amepanda boti ya Moba zamani. Shemeji alikuwa amerudi Niemba. Salomon ndiye aliyekata kufuli, kwa msumeno wa kazini. Siméon alikuwa mbali, Salomon alisema, huenda asingerudi.

"Ulinisindikiza stesheni!" Siméon alipiga kelele. "Ulibeba valizi yangu!"

Kapinga aliinua mkono akamzuia. Aliona kwamba Rosalie hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama juu, kwenye yale mabati mapya, bati kwa bati.

"Njo mutumbwi wa mume wangu hiyo," Rosalie alisema. "Umeufunika juu ya kichwa yako. Umelala chini yake na usingizi ukakuja!"

Salomon alipiga magoti kwenye matope ya maji ya kuogea. Asifungwe, alisihi. Atatoa nyumba, nyumba yake mwenyewe, hii hapa, mama aichukue, yaishe.

"Jela na nyumba si kitu kimoja," Kapinga alimwambia. "Ya jela, procureur atasema, na miye nitamusaidia kusema. Shemeji yako nitamufuata Niemba, na Cyprien nitamutafuta hata Moba. Ya nyumba, uliza mama kama anaitaka."

Watu wote walimgeukia Rosalie. Majirani walikuwa wamejaa getini, na wengi wakamwambia akubali upesi, akubali kabla Salomon hajabadili neno.

"Sikubali bado," Rosalie alisema. "Muniitie Papa Idi."

Idi alikuja na ndara zake, amenuna. Aliweka kiganja mbele kabla ya salamu. Rosalie alimjazia bakuli la ndakala, naye akaonja mmoja, akasema wamezidi chumvi, akaingia kazini. Alizunguka nyumba yote. Aligonga kuta kwa vidole, akapanda kwenye pipa, akachungulia choo. Salomon, mikono imefungwa kamba, alilazimika kusikiliza.

"Ukuta ya nyuma inakunywa maji, nilisema tangu mwanzo. Mulango ya jikoni imeoza chini. Choo iko karibu sana na kisima. Mabati ni mazuri, lakini misumari wamepiga kama vipofu."

"Na watu wanasema nichukue," Rosalie alisema.

"Watu hawatalala ndani. Ukitengeneza ule ukuta mbele ya mvua, chukua. Usipotengeneza, usinitukane."

Kasha la sukre lililetwa. Siméon alikaa kama jirani wa kushoto. Mama Hélène wa upande wa pili, ambaye Rosalie mwenyewe alikwenda kumpigia hodi, alikaa kama jirani wa kulia. Mzee Sulemani alivuta kiti katikati bila kualikwa. "Leo si Ramazani," alisema, akafungua chupa yake kwa meno ya dhahabu ya pembeni, akainywa yote mbele ya kadamnasi ili kila mtu amwone sura.

Rosalie hakunywa. Aliishika chupa na kumtazama Idi kwa jicho kali.

"Hujaniambia ya majirani. Hapa kuna jirani mubaya?"

Idi alimtazama Salomon akitolewa getini na Inspekta Kapinga, miguu bado ina povu la sabuni.

"Alikuwa mumoja tu," alisema. "Na yeye njo anahama."